Setilaiti si ndege kwenye waya wa stima

Nikiitwa Nyalenda au Kondele baada ya mvua ya jioni, mara nyingi kosa ni lile lile: dishi limejaa maji. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta na setilaiti ya nyuzi 36 mashariki inakaa karibu utosini, kwa hiyo dishi hutazama juu kama sufuria. Toboeni tundu dogo chini yake, jamani. Namwaga maji, nafuta, picha inarudi. Lakini mwenye nyumba ameshajipa jibu: "Fundi, radi ilipiga setilaiti."

Haikupiga. Mawingu ya ziwa hayafiki hata kilomita 20. Setilaiti iko kilomita 36,000. Hilo hulimaliza kabla sijashuka ngazi.

Linalonichosha ni lile linalofuata, na hutoka kwa waliosoma umeme kidogo: "Hata hivyo haigusi ardhi. Ni kama ndege aliyetua kwenye waya wa stima. Haiwezi kupata shoti."

Ndege hupona kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye volti moja. Akigusa waya wa pili kwa bawa, tunamwokota chini ya nguzo. Sasa setilaiti: imezama kwenye plazma, yaani gesi ya chembe zenye chaji, elektroni (hasi) na ioni (chanya), zinazoongozwa na usumaku wa dunia. Protoni, ioni nyepesi kuliko zote, ni nzito mara 1,836 kuliko elektroni, hivyo elektroni, kwa wepesi wao, huupiga mwili wa chombo mara nyingi zaidi, nao hugeuka hasi mpaka uanze kuwafukuza wanaokuja. Kwenye njia za chini, karibu na dunia, ambako plazma ni baridi, mambo huishia volti chache. Huko juu kwenye kilomita 36,000, dhoruba ya jua (si ya mvua) ikitikisa usumaku wa dunia, elektroni huja na maelfu ya elektronivolti, kipimo cha nishati ya chembe. Setilaiti ya NASA, ATS-5, ilipimwa ikiwa hasi kwa takriban volti 10,000, ikiwa ndani ya kivuli cha dunia.

Mwili mzima ungekaa kwenye hizo 10,000, ningekubali habari ya ndege. Tatizo ni kwamba mwanga wa jua hung'oa elektroni upande unaomulikwa, upande wa kivuli hubaki nao, na plastiki ya kukinga joto haipitishi umeme wa kuzisawazisha pande hizo mbili. Tofauti ikizidi, cheche huruka, na mshtuko wake huweza kuingia kwenye saketi kana kwamba ni amri iliyotumwa kutoka duniani.

"Si wangeweka athi?" Wazike waya wapi? Wanachofanya ni kuunganisha kila kipande cha chuma na mwili wa chombo, na kuipaka plastiki utando unaopitisha umeme. Nyumbani nako ni hivyo: mlingoti, mabati na athi ya nyumba viunganishwe kwanza, ndipo mzike. Mtu huzika waya wa mlingoti peke yake, dekoda ikiungua ananilaumu mimi.

"Chaji hiyo hutokana na mwendo, kama dainamo ya baiskeli." Kiasi. Chombo cha njia ya chini hukata usumaku kwa karibu kilomita 8 kwa sekunde na kupata sehemu ndogo ya volti kwa kila mita. Inahitaji waya mrefu: mwaka 1996 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivuta wa karibu kilomita 20, ukafika volti 3,500, kisha cheche ikaukata. Setilaiti ya televisheni huzunguka sambamba na dunia. Dainamo hiyo haiihusu.

"Hatari ni jua la mchana." Kinyume chake. Hitilafu hizi hupendelea saa za usiku wa manane hadi alfajiri.

"Sanduku la chuma litazuia." Elektroni wenye kasi sana hupenya na kurundikana ndani. Januari 1994 setilaiti mbili za Kanada, Anik E1 na E2, zilipoteza udhibiti moja baada ya nyingine kwa namna hiyo. E1 ilirudi baada ya saa kadhaa, E2 baada ya miezi. Wenye dishi vijijini huko ilibidi wayageuze kwa mikono kuelekea setilaiti nyingine. Msimu kama huo, mimi ningenunua pikipiki.