Kikundi cha Biblia ugenini: makosa tunayosikia kila mwaka

Kila mwaka wanafunzi wa Bukavu wanaojiandaa kwenda Rabat, Kampala au Bujumbura wanaleta neno lilelile: "Ningependa kuanzisha kikundi cha Biblia na wenzangu wa dini mbalimbali, lakini mimi sijui kuhubiri." Vema. Usihubiri!

Dhana: anayeanzisha kikundi ndiye mhubiri.
Dhana hii inaua vikundi kuliko ubishi wa madhehebu. Kijana anaandaa mahubiri ya dakika 40, kama anavyoyasikia kwao Kadutu, hapa Bukavu, siku ya Jumapili, kisha anauliza, "Kuna swali?" Mkatoliki kimya. Mkimbangisti, wa kanisa la Simon Kimbangu, kimya. Asiyeamini anatazama simu. Wiki ya tatu wamebaki watu wawili, wote wa kanisa lake. Wale wengine hawakuikimbia Biblia, wamechoka kuhubiriwa na mwanafunzi mwenzao.

Kazi yako ni kuuliza. Anza na Marko: ni fupi, sura 16, na msomaji mgeni anaielewa bila kulijua Agano la Kale lote. Chukua mistari 10 hadi 15 kwa wiki, basi. Isomwe mara mbili kwa sauti, mmoja kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiswahili. Halafu dakika tano za kimya, kila mtu na kalamu yake. Tuseme mmefika Marko 2:1-12, mtu aliyepooza anateremshwa na watu wanne kupitia dari. Nani wako ndani ya nyumba? Wale wanne walimleta mwenzao kwa ajili gani, na Yesu alianza na nini? Mstari wa 5 unasema Yesu aliiona imani yao: imani ya nani? Neno dogo hilo "yao" linaweza kuwashughulisha robo saa, na asiyeamini analijibu sawa na shemasi, maana jibu linatafutwa kwenye maandishi yaliyo mbele yao wote.

Nusu ya muda iishie kwenye yale yaliyoandikwa. Maana yake na yanayotuhusu yafuate. Mtu akisema "kanisani kwetu tunaamini...", muulize kwa upole: mstari gani? Swali la ubatizo wa watoto au la Bikira Maria liandike pembeni, wanaotaka walizungumze mkimaliza. Ukiuliza, subiri, nusu dakika ya kimya haijamdhuru mtu, ila kiongozi anayejijibu mwenyewe anawafundisha wengine kunyamaza. Saa moja inatosha. Mkizidi wanane gawanyikeni, maana katika kumi wanasema watatu tu.

Dhana: Biblia ni moja, kila mtu aje na yake.
Ya Mkatoliki ina vitabu 73, ya Mprotestanti 66. Danieli ina sura 14 kwa mmoja, 12 kwa mwingine. "Amri ya nne" kwa Mwadventista ni Sabato, kwa Mkatoliki ni kuwaheshimu baba na mama. Zaburi 23 inaitwa 22 katika vitabu vya liturujia ya Kikatoliki. Kwa hiyo taja maneno yenyewe, usitegemee namba. Mkikaribia mwisho wa Marko, waambie mapema kwamba hati mbili za kale sana, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia 16:8, mtu asije akadhani Biblia ya mwenzake imekatwa. Kwa Kifaransa tunapendekeza TOB (Traduction œcuménique de la Bible), tafsiri iliyotayarishwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja.

Dhana: mwalike kwa chai, Biblia ataikuta hapohapo.
Huo ni mtego, na rafiki aliyetegwa harudi. Mwambie mnasoma nini, wapi, na mnamaliza saa ngapi.

Dhana: ni kusoma tu, sheria haituhusu.
Inawahusu sana. Nchini Moroko kifungu cha 220 cha sheria ya adhabu kinatoa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 3 kwa anayetumia vishawishi kuyumbisha imani ya Mwislamu. Huko kikundi kiwe cha wanafunzi wageni, kikutane kwenye jengo la kanisa, si chumbani homu (bweni la wanafunzi), na msigawe Biblia barabarani. Rabat kuna taasisi ya Al Mowafaqa, iliyoanzishwa 2012 na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Ulizeni huko kabla ya mkutano wa kwanza.