Je, wajua umbea wa siasa uliingiaje kwenye blogu?

Washington ni mji ambao waandishi na wanasiasa wanakunywa baa moja, kwahiyo umbea ulikuwepo siku zote, tatizo magazeti makubwa hayautoi, mhariri anataka uhakika na wakili apitie kwanza, basi stori inaishia hapohapo baa. Januari 1998 jarida la Newsweek walikuwa na ishu ya mapenzi ya Rais Bill Clinton na Monica Lewinsky, binti aliyefanya mafunzo ya kazi Ikulu, mkononi wakaichelewesha, Matt Drudge na kijisaiti chake akaimwaga. Watu wakashtuka, kumbe hata bila mtambo wa kuchapa mambo yanaenda!

Ila Drudge hakuwa wa kuchekesha. Kejeli ilikuja na blogu ya Wonkette, ilianza Januari 2004 chini ya Gawker Media, kampuni ya mablogu, mwandishi Ana Marie Cox, mama ana ulimi huyo. Mei akawaonyesha watu blogu ya binti mmoja wa ofisi ya seneta, anasimulia mabwana zake wa mjini, hawataji majina anaweka herufi tu, na wengine wanampa hela. Mji mzima ukashinda unakisia herufi ni za nani, binti akafukuzwa kazi, Wonkette ikapaa.

Sasa kwanini utani? Sheria, jamani. Marekani tangu kesi ya gazeti la New York Times na kiongozi mmoja aitwaye Sullivan mwaka 1964, kiongozi akikushtaki kwa kumchafua lazima athibitishe ulijua unaongopa au hukujali kama ni kweli, na ukiandika kiutani ndo anapata tabu zaidi. Uingereza ni kinyume, aliyeandika ndo anabanwa athibitishe. Ndo maana Paul Staines alipoanzisha blogu yake London mwaka huohuo 2004 alijificha nyuma ya jina la Guido Fawkes, yaani yule jamaa wa njama ya kulipua Bunge mwaka 1605, na blogu ikawa chini ya kampuni iliyosajiliwa Nevis, kisiwa huko Karibiani. Mjanja sana.

Na wakubwa walikuwa wanasoma kimyakimya, mpaka wakatamani ya kwao. Mwaka 2009 Damian McBride, mshauri wa waziri mkuu wa Uingereza wakati huo Gordon Brown, alitumiana imeili na mwenzake wakipanga blogu ya kuwazushia wapinzani mambo ya chumbani, imeili zikavuja, na zilipotua ni kwa Guido. Aprili mwaka huohuo McBride akajiuzulu.