Mnyauko wa Waller: kwa nini neva iliyokatwa hufa kwanza ndipo iote

Jani la mgomba lililokatwa kwa ajili ya kufungia matoke hubaki kijani siku kadhaa, ingawa limeshatengana na shina. Neva nayo ni hivyo hivyo. Panga likikata neva juu ya kiwiko, kiganja hulegea papo hapo. Lakini neva ikichochewa kwa umeme chini ya jeraha, misuli bado hushtuka kwa siku tatu hadi tano, pengine wiki. Kisha kimya. Kufa huko kwa kipande cha mbali ndiko kunakoitwa mnyauko wa Waller, kwa jina la Augustus Waller, Mwingereza aliyekata neva za ulimi wa vyura na kueleza alichokiona mwaka 1850.

Seli ya neva ina kiwiliwili chenye kiini, kilicho ndani ya uti wa mgongo au kando yake, na mkia uitwao aksoni. Kutoka kiunoni hadi kidole cha mguu mkia huo waweza kufika mita moja. Karibu kila unachohitaji hutengenezwa kwenye kiwiliwili na kusafirishwa. Protini mojawapo, NMNAT2, haidumu. Shehena ikikatika huisha kwa saa chache, ndipo kimeng'enya SARM1 kinapoamka na kuteketeza NAD, akiba ya nguvu ya mkia. Kwa hiyo mkia haufi kwa njaa tu, hujiua. Kuna panya wa maabara, walioelezwa mwaka 1989, ambao kipande chao cha mbali huishi wiki kadhaa. Ungedhani hiyo ni bahati. Kumbe neva zao huchelewa kuota upya.

Sababu ni kwamba njia haijasafishwa. Katika mnyauko wa kawaida, seli za Schwann, zinazoifunika aksoni kwa mailini yenye mafuta, huacha kazi hiyo, huzaana, hula mabaki na kuita makrofaji, seli zinazomeza uchafu, kutoka kwenye damu. Kisha hujipanga safu ndani ya mrija uliobaki, yaani utando mwembamba uliokuwa ukiizunguka aksoni. Huko juu kiwiliwili huvimba, kiini chake husogea pembeni, na ncha iliyokatwa huchipua kuifuata safu hiyo, takriban milimita 1 kwa siku.

Milimita hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Ajali ya boda boda ikivunja mfupa wa juu ya kiwiko, neva ya radiali, inayoinua kiganja, huumia na kiganja kuning'inia. Mara nyingi neva imechubuka tu na hurudi yenyewe. Aksoni zikiwa zimekufa na mrija umesalia, sentimita 12 hadi msuli wa kwanza ni miezi minne. Lakini neva za shingoni zikichanika, safari hadi vidoleni ni sentimita 60 au zaidi, karibu miaka miwili, na msuli uliokaa miezi 12 hadi 18 bila neva huwa haupokei tena. Ndiyo maana neva iliyokatwa na panga hushonwa mapema. Zisipokutana ncha mbili, machipukizi hujisokota kuwa kivimbe chenye maumivu makali.

Kipimo cha umeme kabla ya wiki tatu huweza kudanganya. Kisicho na gharama ni kugonga kwa kidole juu ya njia ya neva: panaposisimka ndipo machipukizi yalipofika, na mahali hapo pasogee chini kama sentimita 3 kwa mwezi. Pasiposogea, rudi kwa daktari wa upasuaji. Kukanda hakuharakishi neva, ila kunyoosha viungo kila siku huzuia vidole kukakamaa. Na mkono usiohisi uwekwe mbali na sigiri.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo hakuna seli za Schwann za kufanya usafi huo. Mabaki ya mailini hukaa miezi mingi yakiwa na protini ya Nogo inayozuia machipukizi, huku astrosaiti, seli zinazotegemeza neva humo, zikijenga kovu kuzunguka jeraha. Wengi hulilaumu kovu hilo kwa kuzuia uotaji. Hata hivyo, panya walioondolewa astrosaiti hizo jeraha lao lilizidi kupanuka.