Poromoko si mmomonyoko

Katika mkutano wa mtaa hapa Newala nimesikia tena korongo linalokula ukingo wa barabara yetu likiitwa "maporomoko ya ardhi", na siku hiyohiyo jirani akanisimulia habari ya wapanda milima wa Ulaya waliofukiwa na "mmomonyoko wa theluji". Maneno yote mawili yalikuwa yamekaa mahali pa mwenzake.

Poromoko ni tabaka zima la udongo, mawe au theluji kuachia mteremko na kushuka kwa pamoja, ghafla. Mmomonyoko ni kuliwa polepole.

Tofauti hiyo imo ndani ya vitenzi vyenyewe. Kumomonyoka kunatokana na kumomonyoa, yaani kumega kidogo kidogo, kama mtoto anavyoumomonyoa mkate pembezoni hadi ukaisha. Kuporomoka ni kwa ukuta: jioni umesimama, asubuhi ni kifusi. Ndiyo maana tunasema maporomoko ya maji, kwa kuwa maji hayo hayadondoki tone moja moja, bali hushuka yote kwa uzito wake.

Tazama lori linapomwaga mchanga mahali pa ujenzi, kisha mvua ikaulowesha. Mafundi huuchota chini, nao husimama wima kama ukuta, mpaka ufa mwembamba uonekane juu na upande mzima ukaangukia koleo. Theluji ya milimani nayo hufanana na hapo: tabaka lililoshikana hulala juu ya tabaka dhaifu, na mara nyingi uzito wa mpandaji mwenyewe ndio unaoliachilia, hasa katika miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Majira ya kuchipua huongeza hatari ya namna nyingine, kwa sababu theluji iliyoganda usiku hulainishwa na jua la mchana, maji yakapenya ndani na kuulegeza mshikamano wake. Kwa hiyo wenye uzoefu huondoka kabla ya alfajiri na kuiacha miteremko inayopigwa na jua mapema, huku kila mmoja akibeba kifaa cha kurushia mawimbi ya redio ili aliyefukiwa atafutwe, fimbo ndefu ya kudungia theluji na koleo, maana nafasi ya aliyefukiwa kutoka hai hupungua sana baada ya dakika 15 hivi.

Mmomonyoko haumpi mtu haraka ya namna hiyo. Huzuiwa kwa matuta, nyasi na mifereji. Tope na mawe yaliyoushukia mji wa Katesh kutoka Mlima Hanang mwezi Desemba 2023 yalikuwa maporomoko, na hakuna tuta ambalo lingeyasimamisha. Korongo letu, ndugu zangu, ni la mmomonyoko, na ningeomba barua yetu ya kuomba mfereji iliandike hivyo, ili atakayeisoma atuletee mafundi wa mifereji na si agizo la kuhama.