Gari lililoshushwa linapolala upande mmoja

Malalamiko yanayonifikia mara nyingi baada ya gari kushushwa kimo hayahusu ugumu wa springi wala kugonga matuta. Ni sentensi moja tu: “Fundi, upande huu umelala.” Mwenye gari ameliegesha, amerudi nyuma hatua chache, ameingiza vidole kati ya tairi na fenda, na amekuta kulia vinaingia vitatu, kushoto viwili. Huenda tofauti hiyo ilikuwapo tangu gari likiwa na kimo chake cha kiwandani, lakini penye nafasi ya sentimita nane, milimita 10 hazimshtui mtu. Nafasi ikibaki sentimita mbili, milimita hizo hizo ni nusu yake nzima. Ndiyo maana kabla ya kugusa spana huuliza kwanza tunapima kutoka wapi.

Vidole si kipimo, na hata tepu inayoanzia sakafuni hadi ukingo wa fenda hudanganya, kwa kuwa inajumlisha upepo wa tairi na kuisha kwa kashata zake. Mimi hupima wima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha tairi, hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, nikayaandika majibu. Sakafu nayo sharti ikaguliwe kwa pima maji. Katika gari ambalo tairi na tairi zimeachana mita moja na nusu, mteremko wa digrii moja tu huleta tofauti ya milimita 26 kati ya upande na upande, na uzito huegemea upande wa bondeni. Na yadi nyingi za gereji hapa Dar es Salaam zimemwagwa zege ili maji ya mvua yapate pa kutokea, si ili magari yapimiwe juu yake. Kisha kuna fenda yenyewe. Magari mengi tunayoendesha yamekuja yakiwa yametumika, na baadhi yalishanyooshwa bodi, kwa hiyo huwa napima pia kwenye ule ukingo wa chuma ulio chini ya milango, pale pa kuwekea jeki. Kingo za chini zikiwa sawa na fenda zikitofautiana, kazi hiyo ni ya fundi bodi, na springi ziachwe zilivyo.

Tofauti ya hadi milimita 5 huwa siigusi. Dereva mwenye kilo 80 akikaa peke yake upande wa kulia, huenda akaifuta au akaiongeza, na ndiyo maana wanaotengeneza magari ya mashindano hupima gari likiwa na uzito wa dereva kitini. Ikizidi milimita 10, natafuta sababu.

Hapa sharti niondoe dhana moja ambayo imewatoa watu fedha bure: kwamba upande uliolala una shokapu iliyokufa. Shokapu ya kawaida haibebi gari. Kinachobeba ni springi, na shokapu kazi yake ni kutuliza mtikisiko, hivyo ile iliyovuja mafuta italifanya gari lidunde bila kulishusha. Ziko shokapu za bomba moja zenye gesi ya shinikizo kubwa ambazo kweli husukuma juu kidogo: rodi ya milimita 12 kwa gesi ya bar 20 hutoa nguvu ya kama kilo 23, na juu ya springi inayobonyea milimita moja kwa kila kilo 3 hiyo ni milimita 7 hadi 8. Ziko pia zile za nyuma za baadhi ya Subaru Forester zinazojiinua zenyewe gari likitembea, ambazo zikivuja nyuma huinama kweli. Nje ya hizo, anayekuuzia shokapu ili ainue upande mmoja anakuuzia kitu kingine.

Jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu ni kwamba pembe inayoonekana imelala si lazima iwe ndiyo yenye kasoro. Gari husimama juu ya springi nne kama meza ya miguu minne: ukikata mguu mmoja, meza huinamia huko na mguu wa pembe ya pili, ule wa mshazari, huinuka. Springi ya nyuma kushoto iliyochoka hushusha nyuma kushoto na kupandisha kidogo mbele kulia, na mwenye gari, ambaye macho yake huanzia mbele, atakwambia mbele kushoto kumeshuka. Njia ninayoitegemea kutenganisha mbele na nyuma ni kuweka jeki katikati kabisa ya krosimemba ya mbele, ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari, na kuinua hadi tairi za mbele ziwe zimeacha kubeba uzito. Mbele sasa imesimama juu ya nukta moja, haiwezi kuilazimisha bodi kuinama upande wowote, na mlalo wowote unaobaki unatoka nyuma. Ukiona gari limenyooka, kasoro ilikuwa mbele. Kisha narudia kwa kuinua nyuma. Hakuna sababu ya mtu kuingia chini ya gari wakati huo. Kipimo chote huchukuliwa kwa nje.

Mfano ulio wazi kuliko yote niliyoshughulikia ni wa Toyota Altezza iliyofungwa koilova, yaani springi na shokapu vilivyofungwa pamoja vyenye kola ya kuzungusha ili kupandisha au kushusha kimo. Mbele kulia ilikuwa chini kwa milimita 11, na gereji iliyotangulia ilikuwa imeshaanza kuinyanyua kwa kuzungusha kola ya koilova ya upande huo. Jaribio la jeki lilionyesha kwamba nyuma haina tatizo. Nikarudisha kola za mbele zilingane kwa urefu wa nyuzi, na tofauti ikaongezeka, kama nilivyotarajia. Kisha, gari likiwa limesimama kwa tairi zake juu ya vipandio vifupi vya chuma, nikalegeza boliti za kontrol amu ya chini, ule mkono unaoishika tairi, upande wa kulia, ule uliodaiwa kuwa mbovu. Hakuna kilichotokea. Nikahamia kushoto. Boliti ya kwanza ilipoachia ulisikika mlio mkavu wa bushi ikijirudi, bodi ikazama mbele ya macho yetu, na boliti ya pili ikamalizia. Upande uliolala ulikuwa mzima; uliokuwa na kasoro ni ule uliosimama vizuri.

Maelezo yake ni haya. Bushi ya kontrol amu si beringi inayozunguka bure. Mpira wake umegandishwa kwenye bomba la ndani na bomba la nje, na boliti ikikazwa bomba la ndani hubanwa lisigeuke, kwa hiyo kila mkono unapopanda au kushuka mpira hujisokota. Fundi akikaza boliti gari likiwa juu ya jeki na tairi zinaning'inia, ameufanya mkao huo wa kuning'inia kuwa ndio mkao wa kupumzika wa mpira. Gari likishushwa chini, bushi zote husokotwa na kusukuma mkono urudi chini, yaani bodi ipande, na katika gari lililoshushwa msokoto huwa mkubwa zaidi kwa sababu mkono umepanda zaidi ya ilivyokusudiwa kiwandani. Altezza ile ilikazwa hivyo pande zote mbili. Baadaye ikapelekwa kwenye alaimenti, yaani kupangwa pembe za tairi, ambako upande wa kulia ulihitaji marekebisho: boliti zake za kurekebishia zikalegezwa gari likiwa chini, bushi zikapumua, zikakazwa tena mahali pake. Kushoto vipimo vilikuwa sawa na hakuna aliyegusa. Kuanzia siku hiyo gari likalala kulia.

Dawa haihitaji spea mpya ikiwa mpira haujapasuka. Gari lisimame kwa uzito wake, boliti zote za bushi zilegezwe, lisukumwe mbele na nyuma mita chache, libonyezwe kila pembe, kisha zikazwe hapo hapo. Kusukuma si mapambo: gari linaposhuka kutoka kwenye jeki, tairi huikamata sakafu kabla hazijatanuka kufika upana wake, na msuguano huo peke yake hulishikilia gari juu kwa milimita kadhaa. Anayepima dakika ile ile anapima msuguano.

Zikibaki springi, natazama zaidi zilivyokaa kuliko zilivyo. Ncha ya chini ya springi ina kituo chake kwenye kikalio, na ikipanda juu ya kituo hicho upande mmoja, pembe hiyo itasimama juu. Raba ya kikalio iliyosahaulika upande mmoja hufanya kinyume chake. Wenye Mercedes-Benz W124 wajue kwamba raba hizo zilitengenezwa kwa unene tofauti makusudi, zikiwa na vinundu kimoja hadi vinne vya kuzitambulisha, ili kiwanda kiweze kusawazisha gari. Nimekuta gari la aina hiyo likiwa na raba ya kinundu kimoja kulia na ya vinne kushoto, na aliyezifunga hakuwa na habari. Springi zilizokatwa kwa grenda sitaki hata kuzijadili sana. Ukikata mzunguko mmoja kati ya sita inayofanya kazi, springi huwa ngumu kwa asilimia 20, na mkato wa kulia ukitofautiana na wa kushoto kwa robo mzunguko, tofauti ya kimo na ugumu imeshazaliwa. Iliyochomwa kwa moto ili ilegee ni mbaya zaidi, kwani kila moja itaendelea kuzama kwa kasi yake.

Stablaiza, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisiinamie kwenye kona, nayo isisahauliwe. Nafungua linki zake pande zote mbili. Gari likibadilika kimo, fimbo ilikuwa imejikunja, ama kwa sababu linki moja ni ndefu kuliko nyingine, ama fimbo yenyewe ilipinda kwenye ajali.

Baada ya haya yote ndipo kola ya koilova huguswa, na si pembe moja peke yake, kwa sababu kuinua pembe moja hupeleka uzito kwenye mshazari wake na gari linaweza kuonekana limenyooka huku likivuta vibaya wakati wa kufunga breki. Nainua kidogo mbele upande ulio chini na kushusha kidogo upande wa pili, kisha napima pembe nne upya. Pale ambapo springi imekaa ndani kwenye mkono, mbali na tairi, kama ilivyo nyuma kwenye magari mengi, milimita 5 za kola huweza kuwa 7 au zaidi kwenye fenda, kwa hiyo zungusha kidogo kidogo. Springi mpya ziachwe zitembee kilomita mia chache zikae, vipimo virudiwe, na alaimenti iwe kazi ya mwisho, kwa kuwa kila badiliko la kimo hubadilisha pembe za tairi. Mkikuta boliti zinalegezwa kwa alaimenti, mwombeni fundi azilegeze pande zote mbili.