Utumbo wenye mchochota: chakula kinahusika, ila si hivyo unavyoambiwa

Mtu akiharisha damu wiki tatu mfululizo hapa Nairobi, ushauri humfikia kabla ya vipimo: acha maharage, acha nyama, kunywa mursik (maziwa yaliyochacha), meza dawa ya amiba. Baadhi ya ushauri huo una chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni vigumu kuung'oa. Magonjwa tunayoyazungumzia ni mawili. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, na mchochota wake (kuvimba na kuwaka kwa tishu) hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, ikapanda utumbo mpana bila kuruka sehemu, na hukaa kwenye utando wa ndani. Tofauti hiyo ndiyo huamua nani ale nini.

Dhana: Ni magonjwa ya Wazungu. Anayekula githeri na sukuma wiki hayapati.

Yapo, ila hupewa majina mengine. Crohn hupenda kukaa pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na kifua kikuu cha tumbo kinapenda papo hapo. Yote mawili huleta homa, kukonda na maumivu ya upande wa kulia chini, na hata kipande cha nyama ya utumbo kikitazamwa kwa hadubini hufanana. Ukimpa mwenye kifua kikuu prednisoloni au infliksimabu, dawa za Crohn zinazopunguza kinga ya mwili, unawafungulia vijidudu mlango. Kwa hiyo picha ya kifua na vipimo vya kifua kikuu hutangulia dawa hizo, na kuviruka ni uzembe.

Mtego wa pili ni dozi moja baada ya nyingine ya amiba, taifodi au "ulcers" bila kipimo. Kuharisha kukipita wiki nne, hasa kwa damu, kunahitaji kamera ya utumbo mpana. Kabla ya hapo, kipimo cha kalprotektini, protini inayoongezeka kwenye choo utumbo ukiwa na mchochota, husaidia kuchuja: chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, mchochota hautarajiwi, juu ya 250, upo kwa kiasi kikubwa. Ila ibuprofeni na diklofenaki, pamoja na maambukizi ya kawaida, hupandisha namba hiyo, kwa hiyo mwambie daktari kila kidonge ulichonunua dukani.

Dhana: Bakteria wa tumboni ni uchafu. Safisha tumbo, ugonjwa utaisha.

Hapa ushahidi mzuri zaidi ulitoka mikononi mwa madaktari wa upasuaji. Mwaka 1991 kundi la Rutgeerts, kule Leuven, Ubelgiji, lilifuatilia wagonjwa 5 wa Crohn waliokatwa kipande cha utumbo, kisha kinyesi kikaelekezwa nje kwa muda kupitia tundu la tumboni, kisipite kwenye maungio mapya. Baada ya miezi 6, utumbo uliokuwa umepumzishwa ulikuwa safi kwa wote 5. Njia ilipounganishwa tena, mchochota uliwarudia wote ndani ya miezi 6. Mwaka 1998 D'Haens na wenzake wakaenda mbele zaidi: waliingiza majimaji ya utumbo wa mgonjwa mwenyewe kwenye sehemu iliyofungiwa, na kwa siku 8 tu dalili za mchochota zikaonekana kwenye tishu.

Hivyo kilichomo ndani ya utumbo kinachochea. Lakini si kila bakteria ni mchochezi. Mwaka 2008 watafiti Ufaransa walionyesha kuwa wagonjwa waliokuwa na *Faecalibacterium prausnitzii* wachache kwenye kipande kilichokatwa ndio waliorudiwa na ugonjwa zaidi kufikia miezi 6. Bakteria huyo hutengeneza butireti, ambayo seli za utumbo mpana huitumia kama chakula chao kikuu. Enema, majani ya sena na chai za "detox" zinazouzwa mitandaoni hazichagui. Hufukuza mema na mabaya pamoja, na mwenye kuharisha hupoteza chumvi na maji aliyokuwa anayahitaji.

Antibiotiki nazo zina nafasi yake. Metronidazoli baada ya upasuaji wa Crohn hupunguza kurudi kwa ugonjwa, ila ikitumika miezi huleta kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni na ganzi ya miguu. Si ya kujinunulia.

Dhana: Nyuzinyuzi zinakwaruza vidonda, ziache maisha yako yote.

Huu ndio ushauri unaodhuru zaidi, kwa sababu ni sahihi kwa wachache. Mwenye Crohn ambaye utumbo wake umebana kwa kovu anaweza kuzibwa na punje za mahindi ya kuchoma, ngozi ya maharage, bisi, njugu, nyuzi za embe au utando mweupe wa chungwa. Dalili ya kubana ni maumivu ya kukaza nusu saa au saa kadhaa baada ya kula, tumbo kujaa na kunguruma. Likivimba, ukatapika na hata upepo usitoke, hilo ni la hospitali usiku huohuo.

Hata mtu huyo haachi mimea; anabadilisha umbo lake. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha hadi yapondeke kwa kidole, saga, kisha chuja kwenye chekecheke ili ngozi zibaki juu. Ng'oa uti wa katikati wa sukuma, katakata nyembamba sana, pika muda mrefu kuliko unavyopenda. Nduma, malenge na viazi vitamu vimenywe na kupondwa. Kachumbari isubiri.

Asiye na kubana, ugonjwa ukiwa umetulia, hana sababu ya kukimbia nyuzinyuzi. Rudisha chakula kimoja kila baada ya siku tatu, vijiko viwili kwanza, na uandike. Watu hushindwa kwa kurudisha vitano siku moja, tumbo likijaa wanalaumu vyote.

Mwaka 2015 Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, wote wazima, walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Waliopewa nyuzinyuzi nyingi, butireti ilipanda na dalili za mchochota zikashuka. Wenzao ikawa kinyume. Hilo halifanyi githeri kuwa dawa ya kolaitisi.

Dhana: Kuna mlo mmoja unaoponya.

Kilicho karibu zaidi na hapo ni lishe maalumu ya kimiminika inayonywewa peke yake, wiki 6 hadi 8 bila chakula kingine. Kwa watoto wenye Crohn ni tiba ya mwanzo na huwaepusha na prednisoloni. Kwa kolaitisi ya vidonda haifanyi kazi. Na ni lishe kamili iliyopimwa. Uji wa wimbi uliochanganywa karanga, mtamu ulivyo, haushiki nafasi yake.

Kwa watu wazima, utafiti wa Marekani wa 2021 uliwalinganisha wagonjwa 194 wa Crohn: mlo mkali unaokataza nafaka zote, na mlo wa Mediterania. Baada ya wiki 6, chini ya nusu ya kila kundi walikuwa wametulia, bila tofauti ya maana. Basi kwa nini ujitese? Mlo wa pili unapatikana sokoni Marikiti: ndengu, mboga, matunda, samaki. Jaribio jingine la kupunguza nyama nyekundu halikuzuia ugonjwa kurudi. Kwa smokie tungekuwa waangalifu zaidi, maana baadhi ya viungo vya kuunganisha mafuta na maji kwenye vyakula vya viwandani vimechochea mchochota kwa panya.

Dhana: Mursik au vidonge vya bakteria vinatosha badala ya dawa.

Havitoshi. Maziwa yaliyochacha yana laktosi pungufu, kwa hiyo wengi huyavumilia kuliko maziwa ya kawaida. Kunywa ukipenda, na umeze dawa zako.

Dhana: Ukikatwa, umepona.

Kwa kolaitisi, kuondoa utumbo mpana wote humaliza ugonjwa wenyewe, ingawa mfuko unaoshonwa kutokana na utumbo mwembamba unaweza kuwa na mchochota wake. Crohn hurudi, mara nyingi palepale kwenye maungio, na sigara huharakisha. Kamera hupangwa miezi 6 hadi 12 baadaye hata kama hujisikii vibaya.

Maandalizi ni nusu ya kazi. Prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kwa siku, ikizidi wiki 6, huongeza hatari ya maungio kuvuja na kidonda kuoza, kwa hiyo upasuaji usio wa dharura husubiri ipunguzwe polepole. Ugonjwa ukiwa umewaka, mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku. Yai lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha ndengu zilizopikwa 14. Baadaye, aliyekatwa zaidi ya sentimita 20 za mwisho wa utumbo mwembamba apimwe vitamini B12 kila mwaka, na akipungukiwa apewe sindano. Aliyepewa vidonge vya madini ya chuma asiviteremshe kwa chai. Asubiri saa moja au mbili.