Kiangazi cha Mbeya si kiangazi cha baharini

Wiki iliyopita simu iliita saa mbili usiku. Alikuwa mwalimu wa sekondari wa hapa mjini, mtu muungwana, ananiita kaka ingawa najua tumelingana. "Kaka, tumejikusanya watu watano, tunataka jodari. Tumepanga likizo ya mwezi wa sita. Kiangazi, mvua hakuna, bahari itakuwa shwari." Nilishusha pumzi. Maneno hayo nimeyasikia kila mwaka tangu nianze kuwapeleka watu wa nyanda za juu kuvua bahari kuu, na kila mwaka nimeyajibu kwa upole. Upole wa mwaka huu umekwisha, ndiyo maana naandika.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi wa Mbeya tukisema kiangazi tunamaanisha mwezi wa sita mpaka wa kumi: mahindi yako ghalani, vumbi la Uyole liko juu, barabara za vijijini zinapitika. Mtu wa pwani akisema kiangazi anamaanisha Januari na Februari, jua la utosini, masika bado hayajaingia. Miezi hiyo sisi tunasukuma magari kwenye matope. Ile Juni hadi Agosti yetu yeye anaiita kipupwe, na hakuna mvuvi aliyewahi kukisifu kipupwe mbele yangu. Basi mteja anaambiwa na shemeji yake wa Dar kwamba kiangazi bahari hulala. Kaambiwa kweli kabisa. Ila shemeji amesema Februari, yeye amesikia Julai.

Wengine wamepotoshwa na simu. Wanaangalia video za Wamarekani wakivuta jodari mwezi wa saba, bahari kama kioo, watu wamevaa kaptula. Kule mwezi wa saba ndiyo joto lao. Huku kwetu, kusini mwa ikweta, mwezi wa saba ni wa upepo wa kusi.

Na kusi ndiyo hoja yote. Unaanza kushika mwezi wa nne au wa tano, unakolea Juni na Julai, unaanza kuchoka Septemba. Unatoka kusini-mashariki na umevuka maji matupu ya Bahari ya Hindi bila kukutana na kilima cha kuupunguza, kwa hiyo wimbi linalofika kwetu limepata nafasi ya kukua njia nzima. Ile baridi inayokupeleka Mwanjelwa kutafuta koti la mtumba mwezi wa sita, ile jalidi ya asubuhi kwenye majani ya Kitulo, inakuja na upepo huohuo. Ukiona unatetemeka kituo cha daladala na mbingu ni bluu tupu, jua kwamba huko nje ya Unguja kuna nahodha anayetukana.

Mtu wa Uyole namsamehe. Mtu wa Kyela nashindwa. Yeye anaujua upepo wa mwera. Amekua anauona ukipanda Ziwa Nyasa miezi ya kiangazi, mbingu safi, Milima ya Livingstone inaonekana mpaka mikunjo yake, na ziwa linachemka kama chungu cha mpunga. Muulize mzee yeyote wa Matema ni miezi gani mitumbwi hukaa mchangani. Hatakutajia miezi ya mvua. Mwera na kusi ni ndugu wa tumbo moja, pepo za kusini-mashariki, tofauti ni kwamba mwera umebanwa na kuta za bonde la ufa na kusi una bahari nzima ya kuchezea. Lakini mtu huyohuyo wa Kyela akivuka Kitonga kuelekea Dar, anaiacha elimu yake yote mlimani na kuanza kuangalia mawingu.

Mvua na mawimbi havijafunga ndoa. Mvua ikinyesha na upepo ukiwa umelala, unavua huku umelowa na hakuna kibaya. Jua likiwaka na upepo ukaja, unarudi.

Kuna na mkondo. Maji ya pwani yetu hutembea kuelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi ukivuma unayasukuma kutoka nyuma, na mkondo unaweza kukaribia noti nne, kipimo cha mwendo baharini, yaani kama kilomita saba kwa saa. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, ukivuma unayazuia, yanapunguza mwendo. Kwa anayerambaza, yaani anayekokota mshipi nyuma ya boti, noti nne ni mafuta. Unakwenda, unadhani unakwenda, kumbe nusu ya mafuta inakusaidia kubaki palepale.

Niliwahi kukubali. Mwezi wa saba, wateja wanne, pesa taslimu, walinibembeleza nikalegea. Tuliondoka saa kumi alfajiri. Tulipotoka tu kwenye kivuli cha miamba, boti ilianza kupiga tumbo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa lile tangazo ambalo sasa nalijua kwa moyo, upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, na mimi nililisoma, nikalifumbia macho. Saa mbili baadaye tulikuwa tumegeuza. Mmoja wao, mfanyabiashara wa mchele, alilala chini kwenye sakafu akishikilia mguu wa kiti. Akafungua jicho moja, akatazama juu, akaniambia kwa uchungu: "Lakini hakuna hata wingu!" Nusu ya pesa niliwarudishia. Tangu siku hiyo Juni na Julai sipeleki mtu, hata aje na gunia la noti.

Najua kwa nini dhana hii haifi. Mpunga na mahindi huvunwa miezi hiyohiyo, kwa hiyo fedha na kusi vinafika kwa pamoja. Desemba ukimwambia mtu wa Mbeya twende baharini anakuuliza nani atapanda. Nimelielewa hilo, lakini jodari hajalielewa.

Sasa lini? Pwani wana neno tamu, demani: kusi unapozeeka, kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka Novemba. Wanaovua kwa mchezo kwenye Mkondo wa Pemba, mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, huhesabu Agosti hadi Novemba kuwa ndiyo miezi ya jodari. Mimi Agosti naiacha, bado ina hasira. Ukinipa nichague, nachagua wiki ya pili ya Oktoba hadi katikati ya Novemba, na sibishani na mtu juu ya hilo. Kuanzia Desemba mpaka Machi unakuja kaskazi, maji yanafika nyuzi 29 au 30, jodari bado wapo lakini wanaotawala ni sulisuli na wenzake. Kaskazi nao una siku zake za ukali, hasa Januari. Kwa mwalimu, likizo ya Desemba ina nafuu kubwa kuliko ya Juni. Kwa mkulima, weka akiba ya mavuno mpaka Oktoba. Najua kuweka akiba ni kugumu kuliko kuvua.

Dhana nyingine za wateja nitazipitia haraka.

"Tukitoka tu hapo Feri tutampata." Hamtampata. Mlango kati ya Dar na Unguja ni wa kina kifupi, unafaa kwa changu na nguru. Jodari mkubwa anataka maji marefu ya bluu. Pemba imetengwa na bara kwa mlango wa mamia ya mita kwenda chini, ndiyo maana unasifiwa. Upande wa Unguja unakwenda mbali nje, kama huko Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kisicho na mtu, na huko hufiki kwa boti ya kukodi ya matembezi.

"Mimi ni mvuvi wa ziwani, nina uzoefu." Kina cha Nyasa ni zaidi ya mita 700, kwa hiyo sikudharau. Ila mbasa ukimnasa anapigana kisha anachoka. Jodari hana ruhusa ya kusimama: anapumua kwa kuogelea, maji yapite mashavuni muda wote. Wa kilo 40 anaanza kwa kuchukua mita 200 za mshipi bila kukuaga. Juzi mtu kaniletea roli ya mshipi wa Itungi, nikamwambia akafungie nguo.

"Jua likiwa kali anapanda juu." Alfajiri na jioni, ndugu yangu. Saa sita mchana mimi nakula. Tafuta ndege wanaopiga mbizi, waache jua na mambo yake.

"Watu wa milimani ndio wanaotapika." Nimeona Mswahili wa Kilwa, baba yake nahodha na babu yake nahodha, akitapika mpaka nyongo. Ni suala la sikio la ndani, kabila halimo. Kula kidogo kabla ya kutoka, maana tumbo tupu ni baya zaidi, na dawa unywe kabla ya safari. Ukisubiri mpaka uanze kutapika, dawa itatoka pamoja na chai.

"Nyama nyekundu, huyu si samaki, au ameoza." Nyekundu ndiyo rangi yake. Misuli isiyopumzika inahitaji hewa nyingi, na chembe zinazobeba hewa hiyo ndani ya nyama ni nyekundu, kama za ng'ombe. Tena jodari ana damu ya moto kwa viwango vya samaki: mishipa yake imepangwa ili joto la misuli lisipotelee majini, mwili wake unakuwa na joto kuzidi bahari. Ukipigana naye kwa muda mrefu anapikika kutoka ndani, nyama inapauka na kulegea. Ndiyo maana akipanda tu botini tunamtoa damu palepale na kumzika kwenye barafu. Wateja hudhani tuna haraka ya kurudi nyumbani.

Na hapa kuna dhana ya pili inayonikera, kwa sababu hii inaumiza watu: "Hata akilala nje kidogo, ukimkaanga vizuri sumu inakufa." Haifi. Jodari akikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama, na ikishatengenezwa hakuna moto, ndimu wala friza itakayoitoa. Anaweza asinuke chochote. Mlaji anahisi pilipili mdomoni, uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio, wakati mwingine ndani ya dakika chache tu. Wengi wanasema wana mzio wa samaki na hawali tena maisha yao yote, kumbe walikula samaki aliyekaa juani. Likikupata, nenda hospitali na uwaambie umekula jodari.

Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kipimo changu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, iliyosagwa, iingie mpaka tumboni, na maji yanayoyeyuka yatoke chini. Ukifika Iringa simama uongeze. Usiniambie Iringa kuna baridi ya kutosha, nimeshaambiwa.

Mwalimu alinipigia tena jana. Wamehamishia Oktoba, wamebaki wanne, mmoja ana harusi ya mdogo wake. Akaniuliza kama deli analouzia mkewe barafu za watoto litatosha kuletea samaki. Nikamuuliza lina urefu gani. Akaenda kulipima, akarudi: sentimita 60. Nikamwambia hapo kitaingia kichwa.